Tazama vidole kwanza: mishipa ya damu ya mkono inapojeruhiwa

Mtu akikatwa mkono na kioo au bati, ushauri wa mtaani hauchelewi. Mmoja anasema huyo kakata mshipa mkubwa, hapo hakuna mtu. Mwingine anavua mkanda wa suruali amfunge juu ya kiwiko. Wa tatu keshakimbilia jikoni kuleta majivu au unga wa ngano. Damu ikikoma kila mtu anashusha pumzi, majeruhi anapewa soda ya kurudisha nguvu, anaambiwa kesho apitie zahanati wamsafishe kidonda. Wiki kadhaa baadaye anajiuliza kwa nini kidole cha mwisho kina ganzi, na ule uvimbe unaodunda pembeni ya kovu umetoka wapi.

Halafu yupo asiyemtisha mtu. Mtoto ameanguka kutoka kwenye mwembe, hakutoka hata tone la damu, mkono umenyooshwa na kufungwa vijiti kwa fundi wa mifupa. Usiku kucha analia. Wakubwa wanambembeleza avumilie, eti mfupa ndio unaunga. Mtoto huyu anaweza kuwa pabaya kuliko yule aliyelowanisha shati zima kwa damu.

Wote wawili wana tatizo la aina moja, nalo ni njia ya damu kwenda kwenye vidole. Tunachanganyikiwa kwa sababu macho yetu hukimbilia damu iliyomwagika, na kusahau kuuliza kama damu iliyobaki inafika inakotakiwa kufika. Jibu la swali hilo liko kwenye vidole, na hutoka mapema kuliko kidonda kitakavyoonyesha chochote.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo na kuisambaza mwilini. Damu yake ni nyekundu angavu na ina msukumo, kwa hiyo ateri ikikatika damu huruka kwa kufuata mapigo ya moyo. Vena ni mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Ndiyo hiyo ya kijani unayoiona chini ya ngozi ya mkono wako, na ikikatika damu yake iliyokoza hutiririka bila kuruka. Neva hupeleka amri kutoka kwenye ubongo na kurudisha hisia. Kano ni ile nyama ngumu nyeupe inayounganisha msuli na mfupa ili kidole kikunjike. Mtaani vyote vinne huitwa mshipa, ndiyo maana ukiambiwa "amekatika mshipa" bado hujaambiwa kitu. Na kigasha ni sehemu ya mkono kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo, pale unapovaa saa.

Njia mbili za kwenda mjini

Ateri kubwa ya mkono hushuka kutoka kwapani kwa upande wa ndani wa mkono wa juu. Ikivuka kidogo mkunjo wa kiwiko hugawanyika mara mbili. Tawi moja hufuata upande wa kidole gumba. Madaktari huliita ateri ya radiali, na ndilo unalolibonyeza kifundoni ukitaka kuhesabu mapigo. Tawi la pili, ambalo kwa watu wengi ndilo nene zaidi, hufuata upande wa kidole cha mwisho, nalo ni ateri ya alna. Hili la alna, likiwa bado karibu na kiwiko, hutoa kijitawi kinachozama kati ya mifupa miwili ya kigasha na kulisha misuli ya ndani kabisa. Kikumbuke kijitawi hicho, kwa sababu kinamhusu yule mtoto wa mwembe.

Ateri mbili hizo zikifika kwenye kiganja hukutana tena na kufanya matao mawili, moja karibu na ngozi na jingine ndani zaidi, na kwenye matao hayo ndiko mishipa ya vidole inakochipukia. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ni rahisi kuelewa. Kutoka Ubungo kwenda mjini unaweza kushuka na Barabara ya Morogoro moja kwa moja, au ukazunguka na Mandela hadi Tazara, kisha ukaingia Nyerere. Ajali ikifunga Morogoro pale Magomeni watu watachelewa, lakini watafika. Ajali ikitokea Ubungo penyewe, kabla njia hazijaachana, au zikifungwa zote mbili kwa pamoja, hapo mji unakosa watu. Kiwiko ndiyo Ubungo na vidole ndiyo mjini.

Kwa hiyo ateri moja ya kigasha ikikatika, mara nyingi mkono haufi. Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitoka vitani. Mwaka 1946 madaktari wa Kimarekani Michael DeBakey na Fiorindo Simeone walichapisha hesabu ya majeraha 2,471 ya ateri za askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Enzi hizo karibu kila ateri iliyokatika ilifungwa kwa uzi tu, haikuunganishwa. Kwa jumla, takriban wanne kati ya kila kumi waliishia kukatwa kiungo. Lakini walioumia ateri ya radiali peke yake, waliokatwa mkono walikuwa kama watano tu kati ya mia, na kwa ateri ya alna peke yake walikuwa wachache zaidi. Zilipoumia zote mbili kwa pamoja, idadi ilipanda hadi karibu 39 kati ya mia.

Ushahidi wa pili uko hospitalini kila siku. Wapasuaji wa moyo huichomoa ateri ya radiali kutoka kwenye kigasha na kuitumia kuukwepa mshipa wa moyo ulioziba. Alain Carpentier alianza kufanya hivyo Paris mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal alieleza namna ya kupitisha mrija kifundoni kupitia ateri hiyohiyo hadi kwenye moyo ili kuchunguza mishipa yake, na leo ndiyo njia inayopendwa na madaktari wengi wa moyo duniani. Ateri hiyo wakati mwingine huziba baada ya kipimo, na mgonjwa hajui, kwa sababu alna inaendelea kulisha kiganja.

Si watu wote walio na matao yaliyoungana vizuri, na wapo wanaotegemea njia moja zaidi. Ndiyo sababu daktari, kabla ya kuigusa ateri ya radiali, anaweza kukuomba ukunje ngumi, akabana ateri zote mbili kifundoni, akakuambia ufungue kiganja kikiwa kimepauka, kisha akaachia upande wa alna na kuangalia wekundu unarudi baada ya sekunde ngapi. Kipimo hicho kinatokana na kile alichokieleza Edgar Allen mwaka 1929. Kwa mkono wenye kidonda usikijaribu nyumbani.

Damu inaporuka

Uwepo wa njia ya pili haumaanishi kwamba damu iachwe itoke. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu, na akipoteza karibu nusu yake, uhai uko mashakani hata kama jeraha ni la urefu wa kidole. Ateri za kigasha ni nyembamba, milimita mbili au tatu hivi kwa upana, na hapo ndipo ulipo unafuu: nguvu ya mkono wa mtu mmoja inatosha kuzizuia.

Chukua kitambaa safi, khanga ikibidi, ukandamize pale hasa damu inapotokea. Tumia uzito wa mwili wako, mkono wa majeruhi ukiwa umelala juu ya kitu kigumu. Kandamiza dakika kumi mfululizo bila kuchungulia. Kila ukichungulia unaling'oa donge la damu lililokuwa linaanza kuziba tundu, na unaanza upya. Kitambaa kikilowa usikiondoe, ongeza kingine juu yake na ukaze zaidi. Kama kipande cha kioo kimezama, kiache palepale, ukandamize pembeni yake. Huenda kioo hicho ndicho kilichoziba ateri. Vua pete na bangili mapema, kabla mkono haujavimba.

Majivu, kahawa, sukari, unga na dawa ya meno havizuii damu ya ateri. Msukumo wake unavisukumia nje, na vile vinavyobaki ndani mpasuaji atalazimika kuvisugua kimoja kimoja kutoka kwenye neva na kano zilizo wazi. Mafuta ya taa ni mabaya zaidi, yanaunguza nyama. Na ile soda au maziwa ya kurudisha damu yasubiri, maana majeruhi anaweza kuhitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji, na tumbo lililojaa ni hatari kwenye nusukaputi.

Kuhusu kufunga mkono, kila upande wa mabishano una ukweli wake. Ndiyo, kufunga kwa kubana kunaokoa maisha pale ambapo kukandamiza kumeshindikana, kwa mfano mkono ulioingia kwenye mashine ya kukamua miwa au ya kukatia majani ya ng'ombe. Na ndiyo, kukifanywa vibaya kunaharibu mkono. Kosa la kawaida ni kufunga nusunusu. Vena ziko karibu na ngozi na hazina msukumo mkubwa, kwa hiyo kifungo kilicholegea huziba vena na kuziacha ateri zikiendelea kuingiza damu. Damu inaingia na haina pa kurudia, basi inatokea kwenye kidonda kwa wingi kuliko mwanzo. Kosa la pili ni kutumia waya au kamba nyembamba, ambayo hukata ngozi na kuponda neva. Ukilazimika, tumia kitambaa kipana kama vidole vitatu au zaidi, funga kati ya kidonda na bega, vidole kadhaa kutoka kwenye kidonda na kamwe si kwenye kiungo chenyewe kama kiwiko, pitisha kijiti na ukisokote hadi damu isimame kabisa. Andika saa uliyofunga. Ule ushauri wa zamani wa kulegeza kila robo saa ili mkono upumue umeachwa, kwani kila ukilegeza damu inapotea na donge linang'oka. Kifungo hicho kibaki hadi kwa mhudumu wa afya, na saa mbili ndizo zinazochukuliwa kuwa salama.

Ikishakoma

Hapa ndipo watu wengi huponzwa. Ateri iliyokatika pande zote hujikunja na kurudi ndani ya nyama, ncha zake zikajibana, na damu inaweza kukoma yenyewe baada ya dakika chache. Ateri iliyochanwa upande mmoja tu haiwezi kujivuta, kwa kuwa sehemu iliyobaki inaishikilia wazi, na hiyo ndiyo inayovuja saa nzima. Maana yake ni kwamba jeraha lililonyamaza haraka linaweza kuwa ndilo lililokatika kabisa.

Jambo la pili linawashangaza hata wauguzi wageni. Ateri ya radiali inaweza kuwa imekatika katikati ya kigasha na bado ukahisi mapigo kifundoni, kwa sababu damu ya alna imezunguka kwenye kiganja ikarudi kinyumenyume. Mapigo yapo, ateri haipo. Kwa hiyo kusikia mapigo si cheti cha kurudi nyumbani.

Basi tazama vidole, na uvilinganishe na vya mkono usioumia. Bonyeza ncha ya kidole au ukucha hadi upauke, uachie; wekundu urudi ndani ya sekunde mbili hivi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi sana angalia kucha na kiganja, usiangalie mgongo wa mkono. Gusa kwa mgongo wa mkono wako kama vina ubaridi kuliko vya upande wa pili. Muulize, akiwa amefumba macho, kama anahisi ukigusa ncha ya kidole cha shahada, na ncha ya kidole cha mwisho: cha kwanza kinatumia neva inayopita katikati ya kigasha, cha pili kinatumia neva inayotembea bega kwa bega na ateri ya alna. Mwambie akunje kila kidole peke yake, agusishe gumba na kidole cha mwisho, atanue vidole vyote. Kinachoshindikana kinakuambia ni kano au neva gani iliyoumia.

Kifundoni vitu hivi vyote vimebanana mahali pasipozidi upana wa saa ya mkononi. Kuna ateri mbili, neva kubwa mbili, na kano zaidi ya kumi. Bati likipita hapo halichagui. Ndiyo maana kumshona mtu ngozi tu, kwa nyuzi nzuri zilizonyooka, bila kumuuliza maswali hayo, ni sawa na kumfungia tatizo ndani. Na kwa mhudumu wa zahanati aliye peke yake usiku: usizamishe mkasi wa kubana damu kwenye dimbwi la damu kwa kubahatisha. Kandamiza, funga, peleka. Neva iko milimita chache tu kutoka kwenye ateri unayoitafuta.

Wapo wanaofika wakiwa wamejijeruhi wenyewe. Ateri zao hutibiwa vilevile kama za fundi bati, na hawahitaji mahubiri pale mapokezi. Wanahitaji mtu wa kukaa nao wasiwe peke yao, na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuruhusiwa kutoka.

Pasipo na tone la damu

Turudi kwa mtoto wa mwembe. Watoto wa umri wa kuanza shule wakianguka na kukinga kwa mkono ulionyooka, mfupa wa mkono wa juu huvunjika mara nyingi hapo hapo juu ya kiwiko. Kipande kilichovunjika kina ncha, na ateri kuu inapita mbele yake tu, kabla ya kugawanyika. Inaweza kukunjwa, kubanwa, au kuchanika utando wa ndani na kuziba. Hiyo ni ajali ya Ubungo.

Hata ateri isipoguswa, kuna hatari nyingine. Misuli ya kigasha imefungashwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Msuli ukivimba baada ya kuvunjika mfupa, au baada ya kupondwa, au baada ya damu kurudi kwenye mkono uliokaa saa kadhaa bila damu, shinikizo ndani ya utando hupanda. Vijishipa vidogo kabisa, ambavyo ndivyo vinavyolisha nyama, hubanwa na kufungwa na shinikizo dogo kuliko lile linaloweza kuifunga ateri. Matokeo yake, mapigo ya kifundoni yanasikika vizuri huku misuli ikifa. Ongeza hapo vijiti vilivyokazwa kwa kamba, au POP, ile plasta ngumu ya hospitali ya kushikilia mfupa, iliyozungushwa mkono mzima siku ya kwanza kabla uvimbe haujafika kileleni, na hali inakuwa mbaya haraka.

Mwaka 1881 daktari wa Kijerumani Richard von Volkmann alieleza mikono iliyokakamaa baada ya kufungwa bandeji za kubana mno, na hadi leo ulemavu huo unaitwa kwa jina lake. Misuli inayokufa mwanzo ni ile ya ndani kabisa, inayokunja vidole na gumba, ile inayolishwa na kile kijitawi cha kati ya mifupa. Nyama iliyokufa hugeuka kovu, kovu hujivuta, vidole vikabaki vimekunjwa kama kucha za mwewe. Ukimkunja mtu huyo kifundo, vidole vinafunguka. Ukikinyoosha kifundo, vidole vinajikunja tena. Wengi wetu tumewahi kumwona mtu mzima mwenye mkono wa namna hiyo, na watu wa kijijini kwake wakasema alirogwa utotoni au mfupa uliunga vibaya. Mara nyingi mfupa uliunga vizuri kabisa.

Dalili ya mwanzo ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayoongezeka badala ya kupungua, yasiyosikia dawa. Dalili ya pili, ambayo mzazi anaweza kuipima mwenyewe, ni hii: shika vidole vya mtoto taratibu uvinyooshe wewe. Akipiga kelele kwa maumivu ya kwenye kigasha, usisubiri asubuhi. Ganzi huja baadaye, weupe na ubaridi huja baadaye zaidi, na ukingoja mpaka vidole vishindwe kusogea umechelewa. Mtoto mdogo asiyeweza kueleza, utamjua kwa kulia kusikoisha na kukataa kuguswa.

Fungua kila kinachobana, sasa hivi. Vijiti vitoke, bandeji ikatwe hadi ionekane ngozi. POP ipasuliwe urefu wote pamoja na pamba iliyo chini yake, na kama mko hospitali mwombeni muuguzi afanye hivyo bila kuona aibu. Mfupa kusogea kidogo kunarekebishika. Msuli uliokufa haurudi. Mkono ukae usawa wa moyo, usininginizwe juu, maana hapo damu inapanda kwa taabu. Maumivu yasipotulia haraka, mpasuaji atachana ngozi na utando wa kigasha kwa urefu na kuacha wazi, ili misuli ipate nafasi. Ndugu hushtuka wakiona kidonda kirefu kilichoachwa bila kushonwa, wakadhani mtoto amefanyiwa unyama. Kidonda hicho ndicho kinachouokoa mkono. Hufungwa baada ya siku chache, wakati mwingine kwa kupandikiza ngozi.

Simlaani fundi wa mifupa. Katika vijiji vingi ndiye aliye karibu, na mivunjiko mingi midogo huunga mikononi mwake. Lakini mvunjiko wa juu ya kiwiko kwa mtoto si wa kwake, na fundi mzuri anapaswa kukataa kuufunga.

Hospitalini

Saa ndiyo inayotawala. Misuli isiyopata damu kwenye joto la kawaida la mwili huanza kuharibika moja kwa moja zikikaribia kutimia saa sita bila damu, na neva hulalamika mapema zaidi. Ndiyo maana kidole kilichokatika, ambacho hakina msuli, hustahimili muda mrefu kuliko mkono mzima. Kama kipo, kifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji ya barafu. Barafu isiguse nyama.

Damu inayoruka, uvimbe unaokua machoni pako, mkono mweupe na wa baridi, mapigo yaliyopotea: mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa chumba cha upasuaji bila kupoteza muda kwenye vipimo. Wengine wanaweza kupimwa kwa kifaa kidogo kinachosikiliza mtiririko wa damu, au kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni ambacho wengi tulikizoea wakati wa Uviko-19, na penye uwezo, picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Mtoto aliyevunjika juu ya kiwiko, kwanza mfupa hurudishwa mahali pake, na mara nyingi hapo mapigo hurudi yenyewe.

Je, kila ateri lazima iunganishwe? Hapana. Ateri moja ikikatika na vidole vina joto na rangi nzuri kupitia ile ya pili, kuifunga kwa uzi ni matibabu halali. Ndugu hulalamika kwamba daktari amefunga badala ya kuunga, kama vile amekwepa kazi. Wapasuaji wengi wenye vifaa na muda hupenda kuunga hata ile moja, ili mkono uwe na akiba, lakini sehemu kubwa ya ateri zilizoungwa namna hiyo huja kuziba baadaye kimya kimya, na mgonjwa anaendelea na kazi zake. Zikikatika zote mbili, au ile kuu ya juu, hapo hakuna mjadala.

Kuunga kwenyewe ni kazi ya mikono iliyotulia. Ncha zilizopondwa hukatwa hadi ibaki nyama safi, mrija mwembamba wenye puto mwishoni hupitishwa kuvuta madonge yaliyoingia ndani, dawa ya kuzuia damu kuganda hutiwa, kisha ncha zikashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, mpasuaji akiwa amevaa miwani ya kukuza. Msingi wa mshono huo aliuweka Alexis Carrel huko Lyon mwaka 1902, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Ilichukua nusu karne kufika kwa askari. Katika Vita vya Korea madaktari walipoanza kuunga ateri badala ya kuzifunga, idadi ya waliokatwa viungo ilishuka hadi kama 13 kati ya mia.

Ncha zikiwa mbali hazivutwi kwa nguvu. Huchukuliwa kipande cha vena kutoka mguuni au kwenye mkono wenyewe, na hugeuzwa, sehemu iliyokuwa chini ikawa juu. Vena zina milango midogo ndani inayoruhusu damu kwenda upande mmoja tu. Usipoigeuza, milango hiyo itaifungia damu njia.

Hospitali ya wilaya isiyo na mpasuaji wa mishipa bado ina kazi kubwa ya kufanya: kuzuia damu, kufungua POP inayobana, kuchana utando pale inapobidi, kutoa sindano ya pepopunda na antibiotiki, na kupiga simu hospitali kubwa ya rufaa, kama Muhimbili, KCMC au Bugando, kabla gari halijaondoka.

Kuna na suala la fomu. Jeraha la kupigwa panga linahitaji fomu ya polisi, PF3 Tanzania na P3 Kenya, na watu wamepoteza saa zao za thamani kituoni wakiisubiri. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Tanzania viongozi wa serikali wamerudia mara kadhaa kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza na karatasi ifuate. Ndugu mmoja aende polisi, wengine wampeleke mgonjwa.

Wiki zinazofuata

Uvimbe unaotokea karibu na kovu baada ya wiki mbili au miezi miwili, ukiwa na joto na ukidunda chini ya kidole, si jipu mpaka ithibitike. Huenda ni ateri iliyotoboka, damu ikajitengenezea mfuko ndani ya nyama. Mtu akilitumbua kwa wembe ataanza upya pale tulipoanzia, safari hii kukiwa na usaha na damu pamoja. Ukiweka kiganja juu yake ukahisi mtetemo kama wa paka anayekoroma, huenda ateri na vena zimeungana. Vyote viwili hurekebishwa kwa upasuaji wa kupangwa.

Mwenye kuvuta sigara aache, kwa sababu nikotini huibana mishipa iliyotoka kushonwa. Banzi livaliwe kama lilivyoelekezwa, na mazoezi ya vidole yaanze siku ambayo mtaalamu wa fiziotherapia atasema, isiwe kabla wala wiki tatu baadaye, maana kano iliyoshonwa hukatika ikiharakishwa na hugandamana ikicheleweshwa. Neva nayo ina mwendo wake. Ikishashonwa hukua takriban milimita moja kwa siku. Aliyekatika kifundoni ana sentimita kumi na kitu hadi ncha ya kidole, kwa hiyo miezi miwili baada ya upasuaji ganzi bado itakuwepo na haimaanishi kwamba kazi imeshindikana. Daktari atagonga kwa kidole kufuata njia ya neva. Pale unaposikia shoti ndipo ilipofikia. Mwezi unaofuata pahali hapo panatakiwa pawe pamesogea kuelekea kiganjani, na pakikaa palepale miezi mitatu, mrudie aliyekushona.